Printa imegoma baada ya Windows kujisasisha

Swali: Tangu kompyuta ya dukani ijisasishe usiku, printa haichapi. Nipige Windows upya?

Jibu: Usipige; hiyo ni dawa ya mafundi wenye haraka. Ondoa printa kwenye mipangilio, kisha weka draiva mpya kutoka tovuti ya mtengenezaji. Mara nyingi tatizo huishia hapo. Ikigoma, fungua historia ya masasisho, uondoe lile la mwisho.

Kama ulihamia toleo jipya la Windows 11, kurudi kwenye la zamani huruhusiwa kwa siku 10 tu, kisha mafaili yake hufutwa. Kabla ya kurudi, nakili kazi za wateja kwenye flashi. Baadaye sitisha masasisho kwa wiki moja, si zaidi: mengi huziba mianya ya usalama.