Mama Safarini: Ujumbe wa Nauli Usiufute

Safari za kina mama wengi hapa nchini si za likizo. Ni za kwenda Gikomba kuchagua mitumba, kumrudisha mtoto shule ya bweni, kumwona mgonjwa au kuwahi matanga. Mara nyingi ni usiku, mzigo mmoja mapajani, mwingine kwenye buti, na pesa zimefungwa kwenye pindo la leso au zimefichwa kifuani.

Mbinu ya leso tumeirithi kwa mama zetu na imewaokoa wengi na wezi wa mfukoni. Lakini ina upungufu mmoja. Pesa taslimu zikishatoka mkononi haziachi alama. Ukimpa makanga nauli bila kupewa tiketi, hakuna kitu kinachoonyesha kwamba ulikuwa ndani ya gari lile. Siku njema hilo halina neno. Siku ya ajali, linaweza kukukosesha fidia.

Leo tuangalie jinsi ya kujilinda kabla ya safari, njiani, na mambo yakiharibika.

Bima ambayo tayari unayo

Wengi wetu hudhani bima ya gari ni mambo ya mwenye gari. Sivyo. Kwa sheria ya Kenya, Sura ya 405, gari linalobeba abiria kwa malipo lazima liwe na bima inayomhusu abiria pia. Hiyo ni basi, matatu, teksi na hata bodaboda. Ukiumia na ithibitike kwamba dereva wa gari hilo alikuwa na makosa, bima yake inaweza kutakiwa kulipa hadi shilingi milioni 3 kwa kila aliyeumia. Muda wa kufungua kesi, kwa kawaida, ni miaka 3 tangu siku ya ajali.

Lakini bima hiyo ina mipaka yake:

- Lifti haimo. Sheria haimlazimishi mwenye gari binafsi kukata bima ya watu anaowabeba bure. Na ukirudi nyumbani juu ya magunia kwenye lori la mizigo, usiitegemee.
- Mzigo wako haumo. Marobota yakiungua au simu ikivunjika, bima hii haikulipi. Ukituma mzigo kwa basi, dai risiti inayotaja kilichomo na thamani yake.
- Lazima iwe hai. Matatu nyingi hukatiwa bima ya mwezi mmoja mmoja. Tarehe ya mwisho iko kwenye stika ya kioo cha mbele. Itupie jicho kabla ya kupanda.

Ushahidi uko kwenye simu yako

Anayedai fidia hutakiwa kuonyesha kwamba kweli alikuwa abiria. Hapo ndipo ripoti ya polisi (ile abstrakti), karatasi za hospitali, fomu ya P3 na tiketi zinapohitajika. Ujumbe wa malipo ya nauli huongeza nguvu, kwa sababu una tarehe, saa, kiasi, jina la aliyelipwa na namba ya muamala. Peke yake hautoshi, kwani hautaji namba ya gari. Ukiambatana na hizo karatasi nyingine, ni vigumu mtu kusema hukuwepo.

Na hata simu ikipotea kwenye ajali, rekodi ya malipo haipotei nayo. Unaweza kuomba taarifa ya miamala ya laini yako baadaye.

Kwa hivyo, fanya hivi kila unaposafiri:

1. Lipa kwa namba ya biashara ya kampuni, si kwa namba ya mtu binafsi. Jina linalotokea kwenye simu likiwa geni, uliza kabla ya kuweka namba yako ya siri.
2. Dai tiketi yenye jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho. "Niandike tu Mama Brayo" haitakusaidia mbele ya wakili.
3. Piga picha ya namba ya gari. Mtumie mtu mmoja unayemwamini, pamoja na ujumbe wa nauli na saa unayotarajia kufika. Kwanza futa sehemu inayoonyesha salio lako. Mkubaliane: "Nisipopiga kufikia saa kumi na mbili asubuhi, wewe nipigie."

Pesa na simu njiani

Tuseme unatoka Kitale kwenda Nairobi na shilingi 40,000 za kununulia mzigo.

- Pesa za mzigo ziache kwenye simu. Beba mkononi za chai na bodaboda tu.
- Nauli ya kurudi itenge, uifiche mahali pengine. Wengi hukwama mjini si kwa kukosa pesa, ila kwa sababu simu imezima au imeibiwa.
- Angalia salio ukiwa nyumbani, si kwenye basi lililojaa watu.
- Usimpe makanga wala jirani wa kiti simu yako "akusaidie kulipa." Namba ya siri ni yako peke yako.
- Weka namba ya siri kwenye laini yenyewe, ili mwizi asiweze kuitumia kwenye simu nyingine.
- Bonyeza *#06#, uandike ile namba ya simu inayotokea, uiache nyumbani. Polisi wataiulizia simu ikiibiwa.
- Kariri namba ya mtu mmoja wa nyumbani. Simu ikipotea, omba ya mtu mwingine utupigie mara moja tufunge laini.

Bima ya kuongezea

Bima ya ajali binafsi hulipa bila kujali kosa lilikuwa la nani, ndiyo maana inamfaa anayesafiri kila wiki. Kabla ya kulipia, uliza:

- Inaanza lini na kuisha lini?
- Bodaboda imo? Mtoto niliyembeba je?
- Nikifa, nani atalipwa, na je, mtu huyo anajua?
- Kampuni ina leseni ya mamlaka ya bima, yaani IRA?

Usipopata jibu wazi, weka pesa zako.

Kwa matibabu, hakikisha umesajiliwa na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kwamba michango yako imelipwa. Bonyeza *147#. Fanya hivyo leo, usingoje uwe kitandani.

Mambo yakiharibika

*Ajali.* Hospitali kwanza. Kisha hakikisha jina lako limeandikwa kwenye kitabu cha matukio, OB, cha kituo cha polisi kinachohusika. Ukilazwa, mtume ndugu. Weka kila risiti, hata ya dawa ya shilingi 50. Na mtu akija wodini na karatasi akisema, "Mama, tia sahihi hapa tukusaidie," usitie. Subiri upone, usome, uulize.

*Kushikwashikwa, kutishwa au kushambuliwa.* Polisi ni 999 au 112. Namba ya 1195 ni ya bure, ya kusaidia waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, usiku na mchana. Aliyebakwa afike hospitalini haraka, ndani ya saa 72, apate dawa za kuzuia HIV, na ikiwezekana asioge wala asifue nguo kwanza. Kosa si lake, hata kama safari ilikuwa ya usiku.

Leso tusiitupe. Pindo lake bado linafaa kwa nauli ya bodaboda. Ila nauli kubwa ilipe kwa njia inayoacha alama, na ule ujumbe usiufute hata baada ya kufika. Maumivu mengine ya ajali hujitokeza siku kadhaa baadaye.

Wasomee wenzako haya kwenye chama Jumapili hii, hasa yule anayesafiri Ijumaa.

Safari njema!