MSIBA WA MWENZIO SI MCHEZO WAKO

Ndugu yetu mmoja mwenye duka mjini Kericho, ambaye asili yake ni Pwani, ametuletea swali. Tumelisoma mbele ya wenzetu katika darasa letu, na tumeona yafaa lijibiwe hadharani, kwa kuwa lawahusu wazazi wengi.

Asema kwamba mwanawe, kijana wa miaka 16, pamoja na wenziwe wa skuli, wameanza kutengeneza mchezo wa simu, katika ile michezo ya video ambayo vijana huiita gemu. Mchezo wenyewe wahusu zile siku za fujo zilizofuata uchaguzi wa Disemba 2007, na mahali pake ni mashamba ya chai. Mchezaji huwa ni mmoja wa wavamizi, na kila nyumba aichomayo huongezewa pointi. Baba alipomkataza, kijana alijibu, "Baba, huu ni mchezo tu, hapana mtu anayeumia." Nao jirani yao ni mama mchuma chai ambaye nyumba yake ilichomwa katika fujo hizo. Sasa baba auliza: je, dini yasemaje?

Kwanza yatupasa tusiharimishe lisiloharimishwa. Mchezo kwa asili yake si haramu, wala si haramu kwa sababu tu ya kuwa mna silaha ndani yake. Yajulikana katika hadithi sahihi kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao katika msikiti wa Mtume (S.A.W.) siku ya Idi, naye akamwacha Bibi Aisha awatazame. Basi mwenye kusema kwamba kila gemu ni haramu, huyo amesema asiloweza kulithibitisha, na vijana hawatamsikiza hata atakaposema la haki.

Lakini Mtume huyo huyo aliweka mpaka. Amepokea Abu Daud kwamba Masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akalala, na mwenzake akakichukua kitu chake kwa mzaha. Yule aliyelala alipozinduka akafazaika. Mtume akabainisha kwamba si halali kwa Mwislamu kumtisha Mwislamu mwenziwe. Tazama, hapana aliyejeruhiwa wala aliyeibiwa, na kusudi lao lilikuwa ni kucheka tu. Hata hivyo mzaha ule ulikatazwa kwa sababu ya fazaa iliyoingia moyoni mwa mtu mmoja. Kwa hiyo ile hoja ya kijana, kwamba hapana anayeumia, haitoshi. Moyo nao huumia.

Na ni msiba gani huo unaotaka kufanywa mchezo? Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki iliripoti mwaka 2008 kwamba waliouawa katika nchi nzima walikuwa 1,133. Kericho na Bomet hazikusalimika. Baada ya kuuawa mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, tarehe 31 Januari 2008, moto ulizidi kuwaka, na mpaka wa Sotik na Borabu ukawa uwanja wa vita baina ya majirani waliozoea kuuziana maziwa na ndizi. Na watu 218, wafanyakazi na wakaazi wa mashamba ya chai ya Unilever huko Kericho, walikwenda kushtaki London, wakieleza jinsi walivyovamiwa, wakapigwa, wanawake wakanajisiwa, na wengine wakauawa. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilikataa kesi yao isiendelee juu ya kampuni mama. Hawa basi ni watu waliozunguka dunia wakitafuta wa kuwasikiliza. Je, yafaa kijana wa mji wao huo huo azihesabie pointi nyumba zao?

Huenda msomaji wetu wa Mombasa au Lamu akasema: Kericho ni mbali, na waliouawa kule wengi wao si watu wa dini yetu. Kwanza, si mbali. Chai ya Kericho na Bomet hupita katika maghala yetu na hunadiwa katika mnada wa Mombasa, na hapana nyumba ya Pwani isiyoteleka chai asubuhi. Pili, na hili ndilo kubwa, Mtume (S.A.W.) alisimama lilipopita jeneza, na alipoambiwa kwamba ni la Myahudi, aliwakumbusha waliokuwapo kwamba huyo naye ni nafsi. Heshima ya maiti haikuulizwa kabila wala dini.

Hebu na tulipime jambo hili kwa msiba wetu wenyewe. Ijumaa ya tarehe 15 Machi 2019, katika mji wa Christchurch huko New Zealand, mtu mmoja aliingia katika Msikiti wa Al Noor, kisha katika kituo cha Kiislamu cha Linwood, akawaua watu 51, huku akiyarusha mauaji yake moja kwa moja kwa kamera aliyoivaa kichwani. Baadaye wakatokea watu wakaufanya msiba ule kuwa gemu. Wenye mamlaka wa New Zealand walipiga marufuku mchezo mmoja wa namna hiyo mwaka huo huo wa 2019, na hata katika Roblox, ambayo watoto wetu waipenda, mauaji hayo yaliigizwa, ikabidi yafutwe. Sisi sote tulichukia, na tulikuwa na haki ya kuchukia. Lakini lau mtu angetunga mchezo wa Chuo Kikuu cha Garissa, walikouawa watu 148 tarehe 2 Aprili 2015, na wauaji wakiwabagua wanafunzi kwa dini zao, je, tungechukia kwa kiasi kile kile? Mwenye kulia msikiti ukifanywa mchezo, kisha akacheka yanapochezewa mabweni ya Garissa au nyumba za wachuma chai, huyo haipendi haki, bali ajipenda nafsi yake.

Watasema wengine: mbona vitabu na filamu hueleza misiba, wala hatuzikatazi? Ni kweli, wala hatusemi kwamba misiba isisimuliwe. Qurani yenyewe imetusimulia habari ya watu wa mahandaki waliochomwa moto kwa sababu ya imani yao. Lakini angalia imesimulia vipi: imewalaani wachomaji na kuwatukuza waliochomwa. Haikumketisha msomaji pamoja na wale waliokaa wakitazama moto. Hapo ndipo ilipo tofauti. Hata katika gemu ziko zilizoijua tofauti hiyo. Mwaka 2014 watu wa Poland walitunga mchezo uitwao This War of Mine, waliouchota katika mazingiwa ya Sarajevo, na ndani yake mchezaji si askari, bali ni raia atafutaye chakula na dawa katika mji uliozingirwa.

Basi mwenye kutaka kupima mchezo wa aina hii na ajiulize mambo matatu. Je, mchezo wamweka mchezaji upande wa mdhulumu au wa mdhulumiwa? Je, dhuluma yalipwa thawabu ndani yake? Na je, yule aliyefikwa na msiba angeweza kuketi karibu yako ukiucheza, nawe usione haya? Mchezo wa kijana huyu umeanguka katika yote matatu. Kwa hivyo hatuoni kuwa wafaa, na ni wajibu wa baba kumzuia.

Lakini twamwomba baba asiivunje simu wala asimpige mwanawe. Kijana huyu hakuwa amezaliwa mambo hayo yalipotokea, na huenda nyumbani hakuna aliyemweleza. Sisi wakubwa tumenyamaza, nalo pengo tuliloliacha laweza kujazwa na gemu. Na nchi hii huingia katika uchaguzi kila miaka mitano. Mkono uliozoezwa kuchoma nyumba kwa kucheza, Mungu atuepushe, waweza kukosa haya siku itakapotolewa kiberiti cha kweli.

Basi baba na amketishe, amsimulie aliyoyaona kwa macho yake. Na kama yule mama jirani mwenyewe yu radhi kusema, bila ya kushurutishwa, kijana na aende amsikilize. Akiisha kusikia, na akitaka bado kutunga mchezo, tutamwachia yeye achague ni nani atakayekuwa ndani yake: mwenye kiberiti, au mama akimbiaye usiku baina ya michai, mtoto mgongoni.

Wabillahi tawfiq.