Jumatano: Rafiki Aliyenaswa na Unga

Kijana aliyekuwa nguzo ya kwaya ameanza kukosa mazoezi. Anakopa fedha na hazirudi. Simu yake ameiuza, na sasa ya dada yake haionekani. Kanisani watu wananong'ona, lakini hakuna aliyeketi naye akamwuliza. Wengine wanaogopa kumwudhi. Wengine wamekwisha kumhukumu. Yeye anaona jambo moja tu: hakuna anayemjia.

Soma Wagalatia 6:1, 2. Mtu aliyenaswa katika kosa anapaswa kutendewa nini? Ni onyo gani linaloambatana na agizo hilo?

Paulo haagizi mtu huyo afichuliwe wala aachwe, bali arejeshwe. Neno la Kiyunani alilotumia ndilo linalotumika katika Mathayo 4:21 kuhusu Yakobo na Yohana walipokuwa wakitengeneza nyavu. Wavu uliochanika hautupwi. Mvuvi huketi nao na kuushona polepole, tundu moja baada ya jingine. Naye anayeshona anaonywa ajiangalie, kwa maana kiburi nacho ni mtego.

Soma Yohana 4:7–18. Yesu alianzaje mazungumzo na mwanamke Msamaria? Ni wakati gani alipogusa jeraha lake?

Yesu alianza kwa kuomba maji. Ukweli ulikuja baadaye, wakiwa wawili tu, wala haukufichwa. Vivyo hivyo, anayetaka kuzungumza na rafiki anayetumia dawa za kulevya achague saa ambayo rafiki huyo hajalewa wala hana arosto. Aende peke yake (Mathayo 18:15). Aseme aliyoyaona kwa macho yake, si aliyoyasikia kwa watu. Kisha anyamaze, asikilize.

Kuchukuliana mizigo si kumpa rafiki fedha zinazoishia kijiweni, wala kumdanganya mwajiri wake kwa ajili yake. Ni kumsindikiza kliniki. Heroini huufanya mwili uitegemee, na anayeiacha ghafla hupata maumivu, kutapika na kukosa usingizi. Tangu mwaka 2011, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili jijini Dar es Salaam imekuwa ikitoa tiba ya methadoni, ambayo mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Kumwombea rafiki na kumpeleka hospitali ni kazi moja.

Je, akianguka tena? Hapo ndipo asiachwe kabisa. Aliyekaa majuma kadhaa bila kutumia, mwili wake hauwezi tena kuhimili kiasi alichozoea, na kurudia kiasi kile kile kunaweza kumwua.

Soma Luka 22:31–34. Yesu alimfanyia Petro nini hata kabla hajaanguka?

Yesu alijua kwamba Petro angemkana. Hata hivyo alikuwa amekwisha kumwombea, na akamwambia kazi ya kufanya baada ya kurejea. Anguko lilikuwa bado halijatokea, na mlango wa kurudi ulikuwa umekwisha kufunguliwa.

Je, kuna rafiki ambaye umezungumza habari zake mara nyingi kuliko ulivyozungumza naye? Ni neno gani la kwanza utakalomwambia juma hili, na utakwenda kumwona siku gani?