Ni Nani Amlishaye Askari wa Kofia ya Buluu?

Katika mjadala wa shule muhula uliopita, mwenzetu mmoja alisimama akasema ya kuwa askari wageni wanaolinda amani hapa Kongo hula fedha za serikali yetu. Wengi tulipiga makofi, nami nikiwa mmojawapo. Baadaye niliona haya, maana nilishangilia neno nisilolijua. Basi nikasoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Askari huyo hutunzwa na mikono mitatu. Wa kwanza ni serikali ya kwao. Hiyo ndiyo imwajiriye, imfundishaye na kumlipa mshahara kwa kadiri ya cheo chake. Tena akivunja sheria, hushitakiwa kwao.

Mkono wa pili ni Umoja wa Mataifa. Huo humpa chakula, maji, mafuta ya magari, na dola 1.28 kwa siku za matumizi madogo. Pia huirudishia serikali yake gharama: mwaka 2018 Baraza Kuu liliweka dola 1,428 kwa kila askari kwa mwezi. Magari na silaha hulipiwa mbali. Fedha hizo ni michango ya mataifa yote, matajiri wakitoa zaidi. Mataifa makubwa yakichelewa kulipa, serikali maskini iliyotoa vijana wake hungoja.

Mkono wa tatu ni nchi mwenyeji, yaani sisi. Kwa mapatano, huwaruhusu askari kuingia bila viza, na vifaa vyao kupita bila ushuru, na huwapa viwanja vya kambi. Mshahara haumo. Basi mwenzetu alikosea.

Lakini yako mambo yasiyolipika. Mwaka 2013 Tanzania, Malawi na Afrika Kusini zilileta brigedi huku mashariki. Tarehe 7 Desemba 2017 Watanzania 15 walipoteza maisha kwa shambulio la kambi ya Semuliki. Novemba 2018, karibu na Beni, Chancy Chitete wa Malawi alimwokoa koplo wa Tanzania aliyejeruhiwa, naye mwenyewe akapigwa risasi akafa. Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa ulimpa nishani ya ushujaa. Mama mzazi hapewi mwana mwingine.

Ndugu zangu, sisemi kwamba askari hao hawana makosa, wala kwamba watu wetu wasinung'unike. Nasema tu: tuhesabu kwanza, ndipo tupige makofi.