Jinsi Nilivyogeuza Tovuti Yetu Kuwa Programu

Usiku wa kuamkia mtihani mtandao ulikatika, nasi tukakosa kurasa za masomo zilizo katika tovuti yetu. Nikaazimia kuigeuza iwe programu ya kisasa. Mambo ni matatu. Kwanza, tovuti ipitie njia salama ya HTTPS. Pili, faili dogo litaje jina na picha yake, ili iwekwe kwenye simu. Tatu, hati ya JavaScript ikae kati ya kivinjari na mtandao, iweke kurasa akiba, izitoe mtandao ukikatika. Lakini nilisahihisha hesabu nisibadili namba ya akiba. Wenzangu wakaendelea kusoma makosa yangu. Wahenga walisema akiba haiozi. Hii huoza isipoangaliwa.