Sikio la Mbwa Lisilopona

Wilayani Gairo mbwa ni mlinzi: usiku hulala karibu na zizi la mbuzi, mchana hufukuza nyani mashambani. Kwa hiyo mbwa anayekesha akitikisa kichwa na kukwangua sikio ni hasara ya kweli kwa mwenye nyumba. Mara nyingi hununuliwa chupa ya matone katika duka la dawa za binadamu. Usaha hukauka kwa siku kadhaa, kisha hurudi na harufu kali kuliko mwanzo. Chupa ya pili hununuliwa, na ya tatu.

Sababu ya kwanza ya kushindwa huko ni umbile. Mfereji wa sikio la mbwa hushuka wima, kisha hupinda kuelekea ndani mfano wa herufi L, na ngoma ya sikio iko mwishoni kabisa. Matone yanayodondoshwa juu ya usaha hubaki juu ya usaha. Ugonjwa ukidumu, ngozi ya mfereji hunenepa na njia huzidi kubana. Baadhi ya bakteria, hasa wa jamii ya Pseudomonas, hujijengea utando wa ute unaowakinga dhidi ya dawa. Nao kwa asili hawaguswi na amoksisilini.

Sababu ya pili husahaulika zaidi: bakteria hao kwa kawaida si chanzo, bali ni wageni waliokuta mlango wazi. Aliyeufungua huweza kuwa mzio wa ngozi, utitiri, kupe, mbegu ya nyasi iliyozama ndani, au uvimbe. Mbwa anayelamba nyayo na kujikuna kwapani huku masikio yote mawili yakiuma, yaelekea ana mzio. Asipotibiwa mzio huo, sikio litarudia.

Tiba huanza na hadubini. Daktari wa mifugo huchukua uchafu kwa pamba na kuangalia kama ni bakteria au fangasi, kwa kuwa fangasi hawauawi na antibiotiki. Kwa sikio linalorudia, vimelea huoteshwa maabara ili ijulikane dawa inayowaweza. Kwa mfugaji wa Gairo, hospitali ya wanyama iko katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, mjini Morogoro. Ngoma ya sikio huchunguzwa kabla ya dawa, kwani gentamisini ikipenya ngoma iliyotoboka huweza kumfanya mbwa kiziwi. Kisha sikio huoshwa, chini ya usingizi ikibidi, na prednisoloni huweza kutolewa kupunguza uvimbe. Matone hutumika kwa wiki kadhaa, hadi hadubini ionyeshe kuwa vimelea wamekwisha. Harufu kutoweka si kipimo. Mfereji uliokwisha kuwa mgumu kama mfupa hauponi kwa dawa. Hapo hubaki upasuaji.

Mhudumu wa duka la dawa anao wajibu hapa. Swali moja tu, la nani atakayetiwa matone hayo, huweza kuzuia siprofloksasini kutumika ovyo na kukuza bakteria sugu ndani ya nyumba ambamo watoto humshika mbwa huyo kila siku. Naye mwenye mbwa amfunge mdomo kabla ya kumgusa sikio, maana maumivu humfanya hata mbwa mpole aume. Akiuma, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, na aliyeumwa apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa.