Dawa ya Kifafa kwa Maumivu ya Uso

Swali: Bwana Tabibu, kwa miezi mitatu shavu langu la kulia hupigwa na maumivu mfano wa umeme kila nitafunapo au nipigapo mswaki. Nimeandikiwa kabamazepini, nami nasikia ni dawa ya kifafa. Je, nina kifafa?

Jibu: La, ndugu yangu, huna kifafa, wala aliyekuandikia hakukosea. Katika maradhi yako, mshipa wa fahamu wa hisia za uso, aghalabu kwa kugandamizwa na mshipa wa damu ulio jirani nao, huvuliwa utando uukingao, ukawa hupeleka ishara za maumivu pasipo sababu, kama waya uliochubuka. Na kabamazepini, kwa kuziba njia zipitishazo sodiamu, huituliza ghasia hiyo kama itulizavyo ile ya ubongo wa mwenye kifafa. Manufaa yake yalidhihirishwa na Blom, tabibu wa Sweden, mwaka 1962, na hata leo ndiyo dawa itangulizwayo, ilhali panadoli hapa haifui dafu.

Huanzwa kidogo, aghalabu miligramu 100 mara mbili kwa siku, ikazidishwa taratibu. Usingizi na kizunguzungu cha mwanzo hupungua. Walakini ukitokwa na vipele, homa au vidonda vya kinywani, iache na umwendee daktari siku hiyo hiyo. Mwarifu pia ikiwa watumia dawa za VVU au za kupanga uzazi, maana nyingi hudhoofishwa nayo. Pasipo dalili hizo za hatari, nakusihi usiikatize ghafula maumivu yatakapotulia.